Shimo la Chokaa Nililolifukia

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 1147.

Jumapili, tarehe 22 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili. Mnaendeleaje? Ile baridi uliyosema inakufanya ulale na soksi mbili mbili imepungua? Na kikohozi je? Uliniandikia kwamba shemeji anakuchemshia majani ambayo hata jina lake halijui. Wewe kunywa tu. Mwanamume akiingia jikoni kwa hiari yake, usimvunje moyo.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako aling'olewa jino wiki iliyopita, na kwa siku mbili nyumba ilikuwa kimya mpaka nikajua kumbe kelele zote zile zilikuwa za mtu mmoja. Usimwambie nimeandika hivyo. Viatu ulivyotuma vimefika salama. Mwanangu mkubwa vimembana, lakini alikataa katakata kuvivua, akaenda navyo shule na kurudi akichechemea, anasema ndiyo mwendo wa sasa. Mwisho wake tumempa mdogo wake, na wawili hao hawajasemeshana tangu Jumatano.

Mama, yaani shangazi yako, goti bado linamsumbua. Ngazi hapandi tena. Analala chumba cha chini na anaendesha nyumba nzima kutoka kitandani, kwa sauti.

Sasa Dada, nisikuzungushe. Barua yako ya mwezi uliopita niliipokea nikiwa kazini. Niliisomea stoo, nimekaa juu ya ndoo ya rangi. Pale katikati uliandika, "Ahsante sana mdogo wangu kwa kumpumzisha Baba, Mungu akulipe." Nikaikunja. Nikaikunjua, nikasoma tena mstari ule ule. Tangu siku hiyo roho inanisuta, chakula hakipiti vizuri, na wifi yako anadhani nina vidonda vya tumbo. Ahsante ile haikunistahili. Sikumpumzisha Mjomba, baba yako. Nilimfukuza, ingawa neno hilo halikutamkwa na mtu yeyote.

Simu ningeweza kukupigia. Lakini najijua. Kwenye simu wewe ungelia, mimi ningeanza kumung'unya maneno, tungeishia kuongea habari za watoto. Bora niandike mpaka mwisho, na wewe usome mpaka mwisho, halafu unitukane kwa raha zako.

Unaikumbuka hospitali ya zamani, ile yenye veranda ndefu na vigae vyekundu, ambako ulizaliwa wewe, na ambako mimi nilishonwa kidevu nilipoanguka kwenye ngazi zenu. Tangu hospitali mpya ifunguliwe, jengo lile lilikaa tupu miaka kumi na moja, popo ndani, mbuzi verandani. Kisha likapewa chuo. Ila ni jengo la urithi, lina kibao chake ukutani, kwa hiyo sharti likawa kwamba nje pasiguswe hata fremu ya dirisha, na ndani patengenezwe pawafae wanafunzi wa siku hizi. Mkandarasi aliyepata kazi hiyo, ambaye sote tunamwita Bosi, akanifanya msimamizi wa mafundi. Sijawahi kushika kazi kubwa kama ile, na sitaficha kwamba kichwa kilinivimba.

Ungeyaona yaliyofanyika humo ndani ungecheka. Dirisha la dawa, pale wagonjwa walipopanga foleni, sasa wanapanga wanafunzi kutoa nakala za vitabu. Chumba cha upasuaji kimekuwa darasa la lugha. Chumba cha maiti, kwa vile kina ubaridi na hakina dirisha, kimewekwa mitambo ya kompyuta za chuo kizima. Mafundi umeme walikataa kuingia humo mmoja mmoja. Walikuwa wanaingia wawili wawili wameshikana mashati, wanaume wazima na ndevu zao. Nyaya zote tulizipitisha chini ya sakafu ili tusitoboe kuta. Na wodi ya wazazi, ile ya chini upande wa bustani, yenye madirisha tisa, ndiyo iliyopangwa kuwa ukumbi wa kusomea, viti mia moja na ishirini.

Humo ndimo Mjomba alimoingilia. Baba yako alikuwa fundi wa matengenezo wa hospitali ile miaka ishirini na sita, na hakuna ukuta asioujua. Sasa, mama msanifu, yaani mchoraji wa ramani za chuo, mwanamke wa miwani na maneno machache, alisema tangu mwanzo kwamba kuta zile za mawe zipigwe plasta ya chokaa, kama zilivyokuwa. Ukuta wa zamani unanyonya maji kutoka ardhini. Chokaa huyaachia yakatoka taratibu, simenti huyafungia ndani. Akauliza ni nani bado anaijua kazi hiyo. Nikamtaja Mjomba, mimi mwenyewe, kwa fahari kabisa. Hilo angalau nililifanya kwa moyo safi.

Na chokaa ya plasta, kama unavyojua, si kitu cha kununua asubuhi ukakipaka jioni. Wewe ulikuwa unafukuzwa usisogelee shimo lake, mimi nilikuwa nakoroga. Mawe yaliyochomwa yanatiwa majini, yanachemka yenyewe bila moto, kisha inayopatikana inaachwa chini ya maji mwaka mzima na zaidi, inakorogwa, inachujwa, mpaka inakuwa laini kama siagi. Mjomba alichimba shimo uwanja wa nyuma, palipokuwa pa kufulia mashuka, akaroweka chokaa yake mapema, wakati sisi bado tunahangaika na paa. Akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine alikwenda kuitazama, akachovya kidole, akakipangusa kwenye suruali. Vijana wa simenti wakampa jina la Mzee Subiri, maana chochote walichomuuliza jibu lilikuwa subiri. Hakukasirika. Wakimwita hivyo anaitika.

Sasa linakuja jambo alilonikataza nisikuambie. Agizo lake nalivunja leo, na nitabeba lawama. Mjomba ana presha ya macho. Aliniambia mimi peke yangu, tumekaa kando ya shimo tunakula, kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata, na yale matone anayotia yanachelewesha tu, hayaponyi. Akasema baada ya ukuta wa wodi ya wazazi hatapiga ukuta mwingine. Huo anautaka aumalize yeye, kwa mkono wake, angali anaona. Na ukija likizo atakupeleka ukakae mle ndani, akuonyeshe. Nje ya mlango wa chumba kile alikesha siku mbili akikungoja uzaliwe, marehemu mama yako akiwa ndani taabani.

Niliyajua hayo yote, Dada. Nataka ulielewe hili kabla hujasoma yanayofuata. Nilijua shimo lile lilikuwa nini kwake.

Lakini kazi ilikuwa imechelewa, na kila kikao Bosi alikuwa analeta habari ya chokaa kama mtu mwenye jino bovu. Siku moja alikuja mkuu wa chuo na wageni wake, watu wa tai, na mhandisi mmoja akaanza kueleza kwamba simenti ya kisasa haina tatizo na ukuta wowote. Mjomba, na shati lake la madoa, akasimama akamwambia, "Mwanangu, hicho unachokisema hukijui." Alisema kweli. Lakini watu walicheka, na Bosi akanitazama mimi, kwa sababu mzee ni mtu wangu. Nilimwonea haya baba yako. Mtu aliyenilea tangu nina miaka saba, aliyenifundisha hata kushika mwiko, nilimwonea haya nikainamisha uso kwenye karatasi zangu nikajifanya nasoma.

Wiki ile ile Bosi akanidokeza kwamba kuna kazi nyingine inakuja, kubwa kuliko hii, na anatafuta msimamizi mwepesi, asiye na mambo ya wazee. Hakuongeza neno. Mimi nikaongeza yote yaliyobaki kichwani mwangu.

Ikafika siku Mjomba anakwenda kliniki ya macho, safari ya siku mbili kwenda na kurudi. Ruhusa nilimpa mimi. Asubuhi aliyoondoka, Bosi akaja na karatasi mkononi, akasema uwanja wa nyuma upangwe matofali ya kuegeshea magari, uwe tayari kabla ya Ijumaa, wageni wanarudi kukagua. Shimo lilikuwa katikati ya uwanja. Nikamwonyesha. Akasema, "Fanya unavyoona wewe," akapanda gari lake akaenda.

Hakuniamuru, Dada. Kama ningemwambia nahamishia chokaa kwenye mapipa, angekunja uso tu. Na mapipa yalikuwepo, ishirini na mawili, yale ya rangi iliyokwisha, yamepangwa kando ya ukuta. Nilisimama mbele yake nikayahesabu moja moja. Kuyaosha na kuyajaza kungetaka watu wanane na siku moja na nusu. Nikawaza kwamba nikimaliza uwanja kwa wakati Bosi ataniona mtu wa kazi. Nikawaza ukuta tutaupiga simenti, utakauka kwa wiki moja, nani atajua. Nikamwita dereva wa tingatinga, nikamwonyesha kwa mkono. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa ukali.

Lori lilibeba mara tatu, miezi kumi na minne ya kazi ya Mjomba. Ilikuwa nyeupe pee, laini, inateleza kwenye ndoo ya tingatinga kwa uzito wake. Ilikuwa imeiva. Mimi si mgeni wa chokaa, nikiiona iliyoiva naijua. Ikaenda kumwagwa jalalani, na kabla ya saa kumi shimo lilikuwa limejazwa kifusi na kushindiliwa. Kesho yake jioni matofali yalikuwa yamepangwa. Kazi safi kweli kweli, Bosi alinipigapiga begani.

Mjomba aliporudi alikuja moja kwa moja kazini kutoka stendi, na chupa yake ya dawa mfukoni. Akasimama juu ya matofali, akageuka huku, akageuka huku. Nilidhani ni macho yanamsumbua. Akaniuliza, "Shimo liko wapi?" Nikamwambia ni Bosi, alileta tingatinga mimi nikiwa nimekwenda kununua misumari, na niliporudi nikakuta mambo yameshaharibika. Uongo mtupu, na ulinitoka bila kukwama, kama niliufanyia mazoezi. Nikaongeza hata na kumlaumu Bosi kwa sauti, nikaapa nitazungumza naye.

Aliniangalia kwa lile jicho lake moja. Akasema, "Sawa." Akaenda stoo, akafunga miiko yake mitatu kwenye gunia, akawaaga mafundi mmoja mmoja, hata wale wa Mzee Subiri, akaenda zake nyumbani. Hakurudi tena. Mimi ndipo nikakuandikia kwamba kazi ilikuwa inamchosha, umri nao, nimeona bora apumzike. Mtu akishaanza kudanganya kwa mdomo, kalamu nayo hupata ujasiri.

Ukumbi tuliumaliza kwa simenti, tukaupaka rangi ya maziwa. Ulipendeza, sitasema uongo mwingine. Meza ndefu za mbao, taa ndogo kila kiti, soketi za kompyuta chini ya kila meza, mazulia yasiyopiga kelele. Siku ya ufunguzi nilivaa suti yangu ya harusi, kifungo cha tumboni hakikufunga, nikashikilia faili mbele siku nzima. Ile picha niliyokutumia, ambayo ulisema nimenenepa vizuri, ni ya siku hiyo. Mjomba alialikwa. Alisema ana mafua.

Halafu zikaja mvua kubwa za mwaka huu. Wiki ya tatu rangi ikaanza kufanya malengelenge chini ya madirisha. Nikasema ni rangi mbovu, tukakwangua tukapaka upya. Baada ya siku nne yakarudi, na safari hii na chumvi nyeupe inayochipuka kama manyoya, na nyuma ya makabati ya vitabu kuvu jeusi. Chumba kikawa kinanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Wakahamisha vitabu. Mwanzoni mwa mwezi huu kipande cha plasta chenye ukubwa wa mlango wa kabati kilibanduka, kikaangukia meza ambayo msichana mmoja alikuwa ametoka kuinuka, amekwenda kunywa maji. Kompyuta yake ilipasuka vipande viwili. Ukumbi ukafungwa siku hiyo hiyo, na mpaka leo una kufuli.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, maana namfikiria yule msichana. Asingekuwa na kiu je?

Mama msanifu alikuja. Alikwangua ukuta kwa ufunguo wake, akanusa, akauliza swali moja tu, chokaa ya mzee ilikwenda wapi. Bosi alitazama dari. Mimi nilitazama viatu vyangu. Akasema simenti yote itolewe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa iliyoiva, si ile ya kwenye mifuko, na kazi hiyo aifanye mzee mwenyewe anayeijua. Alipoondoka Bosi akanigeukia, sasa Mjomba amekuwa fundi bingwa. "Kamlete mzee wako," akasema. Na ile kazi nyingine kubwa aliyonidokeza, kama unataka kujua, alimpa shemeji yake.

Basi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Mjomba Alhamisi mchana. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye sinia. Anachambua kwa vidole, punje mbovu anazijua kwa kuzigusa. Niliposalimia alinitambua kwa sauti, kisha akautafuta uso wangu, juu kidogo, kushoto kidogo, mpaka akaupata. Anaona kipande cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwezi wa pili alikuwa bado anasoma gazeti.

Kabla sijasema lililonipeleka, aliniuliza kama ukuta wa bustani umeshaanza kutoa maji. Nikasema umeanza. Akauliza kama ni chini ya dirisha la tano. Nikasema ndiyo, hapo ndipo palipobanduka. Akasema hapo chini lilipita bomba la sinki la wauguzi, lilipasuka zamani, alikuwa amepanga pale apige mikono mitano, yaani matabaka matano ya chokaa, badala ya mitatu. Alilieleza hilo vizuri, bila kisasi chochote, na mimi nilitamani anipige.

Nikamwambia, "Mjomba, shimo nililifukia mimi. Bosi hakuwepo." Vidole havikusimama. Akasema, "Najua. Dereva wa tingatinga aliniambia." Nikauliza lini. Akasema siku ile ile aliyorudi kutoka kliniki, alimkuta getini wakati anaingia.

Wakati anaingia, Dada. Kabla hajaniuliza. Kwa hiyo aliposimama pale juu ya matofali akaniuliza shimo liko wapi, jibu alikuwa nalo. Alikuwa ananipa nafasi niseme kweli, na mimi nikamletea habari za misumari. Mwaka mzima amekaa na uongo wangu, nikija kumsalimia ananikaribisha, ananiuliza kazi inaendaje, na mimi najibu vizuri. Nililia pale barazani, umri wangu huu, jirani anachungulia juu ya uzio.

Nikamwomba anisamehe. Akaondoa punje moja, akaitupa. Akasema, "Kusamehe nilikusamehe siku ile ile, mwanangu. Chokaa ndiyo sina."

Nilimwambia habari za chuo, kwamba wanamtaka aje hata kusimama tu aelekeze. Akasema hapana, akishika ukuta asiouona atawaharibia watu kazi, nikitaka kuuliza niende nyumbani nikaulize. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu.

Leo asubuhi nimechimba shimo nyuma ya nyumba yetu hapa, na kesho naroweka mawe ya kwanza. Vipimo vyote amenipa Mjomba. Mama msanifu amekubali ukumbi ubaki umefungwa mpaka chokaa iive. Ukuta utapigwa, na nitaupiga mimi, mikono mitano pale kwenye dirisha la tano. Lakini hiyo ni mwaka na miezi kutoka leo, na Ijumaa nilimsindikiza Mjomba kliniki. Daktari alinivuta pembeni akasema jicho lile tusilihesabie zaidi ya mwisho wa mwaka huu.

Ndiyo maana nimekuandikia leo, si kwa ajili ya kutua mzigo wangu tu. Likizo yako umeipanga mwakani mwezi wa kumi na mbili. Isogeze, Dada. Omba, lia, danganya ikibidi, maana huku kuna mwalimu wa kukufundisha. Habari ya kunisamehe au kutonisamehe usiiandike sasa, ifikirie kwa wakati wako, na ukikasirika ni haki yako. Nijibu moja tu, unakuja lini. Ukuta aliotaka kukuonyesha hatauona tena, hilo nimeliharibu mimi na halirudi. Wewe bado anaweza kukuona, ukija kabla mwaka haujaisha.

Mama anakusalimu, anasema ukija umletee ile dawa ya goti ya kupaka, ya harufu kali. Wifi yako anakusalimu, chumba cha mbele ameshakuandalia kichwani mwake mpaka mapazia. Wanao huku wanamsalimu shangazi yao, mmoja kwa niaba ya viatu. Nisalimie shemeji sana, na wapwa zangu wabusu kwenye paji la uso. Mungu awalinde ugenini na awafungulie njia.

Mjomba naye anakusalimu. Nilipomwambia leo nakuandikia, hakujua nakuandikia nini. Alisema nikuambie yeye mzima, macho hayana neno, na usijisumbue na safari kwa ajili yake.

Wako akupendaye, na anayekuonea haya,

Mdogo wako.